Kanuni za klasi kwenye katamarani zinaua ubunifu au ndo zinauzaa?

tezi_na_omo

Wakuu habari za saa hizi. Nina jambo limenikaa kichwani karibu mwezi mzima na humu najua mpo watu wa bahari kweli kweli kwa hiyo naomba mnisaidie.

Mi ni fundi wa faibaglasi huku Kilifi, tunatengeneza na kuziba boti za uvuvi na za watalii, na Jumapili nikipata nafasi napanda Hobie 16, katamarani (boti ya miili miwili) ya jamaa yangu, yeye anashika usukani mi naning'inia nje kwenye trapezi. Sasa tuko kama watu sita hivi tumekubaliana tuunde katamarani zetu wenyewe za mashindano, ndogo, mtu na mwenzake, kwa mikono yetu, tushindane humu ndani ya Kilifi kwanza halafu Mungu akijalia tutoke nje ya mwamba. Mbao zipo, resini tunajua pa kuipata, shida imekuja kwenye karatasi. Kila mtu ana kanuni yake ya klasi, yani vipimo ambavyo boti zote za mashindano lazima zifuate. Mmoja anasema tuchore boti moja tu wote tuijenge sawasawa kama Hobie, atakayeshinda ashinde kwa kuujua upepo. Mwingine anasema hiyo ni kuua akili, tuweke urefu na tanga basi, mengine kila mtu ajichoree, maana sisi mafundi raha yetu ni kujaribu vitu.

Nikaanza kusoma nipate jibu ndo nikachanganyikiwa zaidi. Hobie 16 aliitoa Hobie Alter kule California karibu na mwaka 1970 na mpaka leo ni ileile, mita 5.04, kilo 145, miili imepinda kama ndizi haina hata dagabodi (ubao wa kushusha majini ili boti isiteleze pembeni), na zimetengenezwa zaidi ya laki moja duniani. Halafu naona A-Class, klasi nyingine ya katamarani, mita 5.49, kilo 75, mtu mmoja, inapaa juu ya maji kama samaki panzi. Hapo nikasema basi, kanuni kali ndo zinazozuia. Kusoma tena naambiwa A-Class nayo ina kanuni, tena waliwahi kuweka kanuni maalumu ya kuzuia boti isipae, na bado inapaa! Sasa ile kanuni ilifanya kazi gani? Anayejua anieleze taratibu, tukikosea kwenye karatasi tutakuja kugombana kwenye maji.

msukani75

Ndugu yangu hapa umegusa pangu. Mi wa Malindi lakini niko Uholanzi mwaka wa kumi na moja huu, na nina A-Class yangu, ya zamani, kwa hiyo hili swali nimelilipia kwa hela zangu.

A-Class ni kanuni ya boksi. Yani unapewa boksi, boti yako ikiingia humo ni halali, umechora nini humo ndani ni juu yako. Urefu usizidi mita 5.49, upana usizidi 2.30, tanga pamoja na mlingoti visizidi mita za mraba 13.94, uzito usipungue kilo 75. Vipimo vikubwa ni hivyo, na ni vya tangu zamani sana, enzi wakubwa wa mbio za matanga duniani walipozigawa katamarani kwa herufi A, B, C na D kulingana na ukubwa.

Sasa we kama fundi angalia namba moja inavyozaa umbo. Urefu umefungwa, sawa? Boti za zamani omo yake ilikuwa inaegemea mbele kama ya jahazi, maana yake kipande kizuri cha ule urefu uliopewa kiko hewani, hakigusi maji, umekipoteza bure. Watu wakajiuliza, kama futi inapima mwanzo mpaka mwisho kwa nini huo urefu wote nisiuweke kwenye maji? Omo ikasimama wima, halafu ikaegemea nyuma kabisa, chini ndefu juu fupi, inachoma wimbi badala ya kulipanda, na pale juu ukapungua uzito na upepo wa kugonga. Mtu asiyejua kanuni akiiona anadhani ni urembo, kumbe ni futi ya mpimaji.

Tanga vilevile. Eneo limefungwa kwa hiyo hamna wa kuongeza kitambaa, watu wakaanza kukihamisha. Chini ya tanga kulikuwa na uwazi kati yake na trampolini (wavu wa kukalia kati ya miili), upepo unavuja pale kutoka upande wa joshi, unakotoka upepo, kwenda demani. Wakalishusha tanga mpaka linafagia trampolini, uwazi ukazibwa, na kwa sababu kitambaa ni kilekile kile kilichoongezwa chini kikatolewa juu, nguvu ya upepo ikashuka chini boti ikawa haipinduki kirahisi. Kama wangeruhusiwa kuongeza tanga wanavyotaka nani angehangaika na ule uwazi? Wangeongeza tu.

Haya, kupaa. Wakubwa wa klasi waliona mapema foili, yani vibawa vya majini vya kuinua boti, zinakuja na waliogopa, na mi siwalaumu, klasi ilikuwa na boti nyingi nzuri mikononi mwa watu wa kawaida. Wakaandika kwamba foili za pande mbili zisikaribiane, kutoka katikati ya boti kwenda kila upande sentimita 75 hakuna foili kuingia, na bodi ziwe zinaingizwa kutokea juu. Piga hesabu yako. Upana wote 2.30, nusu yake 1.15, toa 0.75, unabaki na utepe wa sentimita 40 kila upande na mwili wa boti wenyewe unakaa humohumo. Na bodi ya kuingizia juu huwezi kuipa kibawa kikubwa cha T chini, haitapita kwenye tundu lake. Kwa akili ya kawaida hapo mchezo umeisha.

Haukuisha. Bodi zilizonyooka zilikuwa zimeshakuwa za kupinda, sasa zikapindwa kama herufi J, baadaye zikawa Z, mkono umeenda huku halafu ukarudi kule, ili kwenye zile sentimita 40 upate kipande kilicholala cha kutosha kuibeba boti. Mashindano ya dunia ya 2014 kule Takapuna, New Zealand, Glenn Ashby alishinda na dunia nzima ikaona kwamba kupaa ndani ya kanuni ile kunawezekana. Kwa hiyo kwa swali lako, kanuni ile haikuzuia kupaa, ilichagua namna ya kupaa, na namna iliyoichagua ni ngumu kuliko ile ambayo ingepatikana kama wangeacha wazi. Foili iliyobanwa kwenye utepe mwembamba haina utulivu wa foili ambayo mchoraji amepewa nafasi, mwenye boti anakaa roho mkononi, na kutengeneza ile Z ya kaboni yenye kona mbili kali ni kazi ghali sana, we unajua kona kwenye laminati zinavyosumbua.

Na yangu mimi ikawaje. Boti yangu ina bodi za kupinda, haipai. Niliinunua kwa bei nzuri, ndani ya misimu michache nikawa nafika watu wameshakunja matanga. Wengi kama mimi wakaacha. Mwisho klasi ikajigawa, kuna wanaopaa na kuna wa klasiki wasiopaa, kila kundi na ubingwa wake, na mi nimerudi mchezoni kwa sababu hiyo tu. Sina kinyongo na wanaopaa, nikiwaona wanapita pembeni yangu kwa kasi ya noti zaidi ya 20 moyo unanienda mbio. Ila huo mgawanyiko ungefanywa mapema tusingepoteza watu.

mama_nanga

Mdogo wangu wa Kilifi, nakupongeza kwanza kwa wazo lenyewe, kujenga zenu badala ya kungoja za mtumba kutoka nje.

Mi niko Dar, nafundisha vijana kusafiri kwa Hobie, na nataka niisemee hiyo boti inayoonekana haina akili. Hobie 16 haina dagabodi kwa sababu ilitengenezwa iingie na kutoka ufukweni kwenye mawimbi, ile miili iliyopinda upande mmoja ndo inafanya kazi ya dagabodi, huo ubunifu ulishafanyika mwanzoni kisha ukafungiwa kabatini kwa makusudi. Na faida yake naiona kila wiki. Kijana wa miaka 16 akipitwa na mwenzake hana pa kusingizia, hawezi kusema yule baba yake kamnunulia bodi mpya, tanga ni lile, mlingoti ni ule, kwa hiyo anakaa anauliza alikosea wapi kwenye kubisha (kwenda dhidi ya upepo), alichelewa wapi kuvuta kamba. Mashindano ya dunia ya Hobie 16 boti zinaletwa na waandaaji, mnapokezana, leo unapanda hii kesho ile.

Kwa hiyo nikisikia wanasema dizaini moja inaua akili huwa naumia. Akili haifi, inahama kutoka kwa mchoraji kwenda kwa baharia. Chukua Nacra 17 ya Olimpiki, mtu na mwenzake, mwanamke na mwanaume. Boti zote zinatoka kwa mtengenezaji mmoja. Rio 2016 zilikuwa na bodi za kupinda, kwa ajili ya Tokyo wakaamua wote kwa pamoja zigeuzwe za kupaa, siku hiyohiyo kila mtu akawa mwanafunzi. Waitalia Ruggero Tita na Caterina Banti wakachukua dhahabu Tokyo na wakachukua tena Paris 2024. Hawakuwa na foili ambayo wengine hawana. Mwanzoni watu walikuwa wanapaa upepo ukiwa nyuma, kidogo kidogo wakajifunza kupaa hata wakibisha, na hilo halikutoka kwenye karakana, lilitoka kwenye miguu na mikono yao.

Lakini nikubali upande wa pili pia. Boti ikifungwa moja kwa moja inakuja siku imeachwa na dunia. Tornado, katamarani ya Rodney March, ilichorwa miaka ya 1960, ikaingia Olimpiki 1976, na kama wasingeiongezea spinaka (tanga kubwa la mbele) na trapezi ya pili kwa ajili ya Athens 2004 ingezeeka mapema zaidi. Hata hivo 2008 ndo ikawa mwisho wake Olimpiki, na 2012 hapakuwa na katamarani hata moja. Inauma mpaka leo.

Njia ya katikati ipo, inaitwa Formula 18. Boksi la mita 5.52 kwa 2.60, uzito usipungue kilo 180. Hicho kilo 180 ndo siri yake. Ni nzito makusudi, na kaboni imekatazwa kwenye miili, mlingoti lazima uwe alumini, kwa hiyo kampuni nyingi tofauti zinaweza kuchora umbo lao na bado mtu wa mshahara akanunua. Umbo ni huru, mkoba ndo umefungwa. Mkikaa na wenzako waulize hilo kwanza, mnataka kufunga umbo au kufunga hela?

bawa_gumu

Mama_nanga nakuheshimu sana ila hapo kwenye kufunga nina neno, nitazunguka kidogo mnivumilie.

msukani75 amemtaja Glenn Ashby. Huyo mtu alikuwa ndo mshika bawa (tanga gumu lililosimama kama bawa la ndege) wa timu ya Emirates Team New Zealand kwenye kombe la America la 2013 kule San Francisco, na kule kisa kilikuwa kilekile ila kwa boti ya futi 72. Kanuni ya boti hizo, AC72, haikusema neno foili ni marufuku. Ilikataza vitu vya kuzunguka zunguka, kwamba foili isiwe na kipande kinachojigeuza kama bawa la ndege na vibawa vya usukani visirekebishwe wakati wa mbio. Hesabu ilikuwa kwamba bila hivyo hakuna mtu atapaa kwa utulivu, boti ya tani karibu 6 itaruka itaanguka itaruka itaanguka, watu wataachana nayo wenyewe.

Wale wa New Zealand wakakaa na hilo tatizo. Hawana kibawa cha kurekebisha, sasa nani atairekebisha? Wakapata jibu kwamba bahari yenyewe itairekebisha. Foili yao ilikuwa kama L lakini kona yake imefungwa kidogo kama V. Boti ikipaa juu sana, kile kipande kilichosimama kinatoka majini, boti inaanza kuteleza pembeni kuelekea demani, na ule mtelezo unapunguza nguvu ya kile kipande kilicholala, boti inashuka yenyewe. Ikishuka kipande kinarudi majini, mtelezo unapungua, inainuka tena. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Mi niliposoma hilo mara ya kwanza nikiwa chuo nilisimama kwenye kiti. Walilijaribu kwenye katamarani ndogo za futi 33 kwanza, 2012 wakaonekana Auckland na ile kubwa iko hewani na wapinzani wote ikabidi warudi kwenye karatasi. Na sikiliza hii, Pete Melvin ambaye kampuni yake ndo iliandika ile kanuni alikuwa kwenye timu yao ya wachoraji. Aliyejenga ukuta alijua matofali yaliyolegea yako wapi.

Walipoteza kombe kwa 9 kwa 8, wapinzani wao Oracle walitoka nyuma kutoka 8 kwa 1, hiyo ni hadithi nyingine. Ila dunia nzima ya matanga ilibadilika kwa sababu ya marufuku moja iliyoandikwa ili kitu kisitokee.

2017 kule Bermuda wakafunga zaidi, boti AC50, umbo la miili na bawa ni moja kwa wote, kilichobaki wazi ni foili na mifumo ya kuziendesha, na nguvu ya haidroliki lazima itoke kwenye mwili wa binadamu, hakuna betri ya kuzungusha pampu. Timu nyingine karibu zote zikazungusha kwa mikono kama kawaida. New Zealand wakaweka baiskeli! Miguu ina nguvu kuliko mikono, kila mtu anajua hilo tangu baiskeli za maziwa, lakini hawa ndo waliofika nalo Bermuda wamelifanyia kazi, na wakamleta Simon van Velthooven ambaye alikuwa na medali ya Olimpiki ya baiskeli. Wakashinda 7 kwa 1. Ukibana kila mahali ukaacha tundu moja, akili zote za timu zinapita kwenye hilo tundu.

Sasa neno langu kwa mama_nanga. Ukifunga kila kitu hutajua kamwe tundu lilikuwa wapi. Lazima iwepo klasi hata moja mahali iliyo wazi, wengine wote wale kutoka kwenye sahani yake. Hiyo klasi ilikuwepo, C-Class. Futi 25 kwa 14, tanga futi za mraba 300, uzito wa chini haupo, basi. Tangu 1961 wanashindania kombe lao ambalo watu wanaliita kombe dogo la America, na humo ndo yalikopevukia matanga magumu, yale mabawa yaliyosimama. Dennis Conner mwaka 1988 pale San Diego aliposhinda kombe la America na katamarani yenye bawa, ujuzi ule ulitoka kwa watu wa C-Class. Bawa la AC72 nalo ni mjukuu wao.

mama_nanga

bawa_gumu mwanangu, C-Class saivi ziko ngapi kwenye maji? Jibu hilo kwanza.

bawa_gumu

Hapo umenikamata mama. Franck Cammas na Louis Viat walishinda kombe hilo Falmouth 2013 na boti yao Groupama C ambayo ilikuwa inapaa, wakashinda tena Geneva 2015, na baada ya hapo klasi ikanyamaza. Siku zote zilikuwa boti chache sana, maana kila moja ni mradi wa wahandisi, huwezi kuinunua dukani. Uhuru wote ule ulikuwa wa watu wachache wenye wafadhili. Nalikubali hilo, ila bado nasema walichotuachia ni kikubwa kuliko idadi yao.

mzee_wa_matengo

Assalam aleykum vijana. Nimesoma yote, mambo ya kaboni siyajui, nitasema ya ngalawa, maana mnayozungumza nimeyaona kwa macho.

Kwetu Unguja ya kaskazini tulikuwa tukishindanisha ngalawa sikukuu. Zamani hakukuwa na sharti, kila mtu aje na chombo chake anachovulia. Akatokea bwana mmoja, fundi hodari, akaja na tanga kubwa mno, akatuacha wote. Mwaka wa pili wazee wakasema foromali (mti unaoshika tanga) isizidi pima walizokubaliana. Yule bwana hakubishana, akakata foromali kwa pima zilezile, akashona tanga refu zaidi kwa chini na lenye tumbo. Akatuacha tena. Mwaka wa tatu wazee wakapima na nguo yenyewe. Sasa tukasema mwisho wake umefika.

Yule bwana akahamia kwenye gogo. Ngalawa zetu ni za mwembe, mnajua, akachonga ubavu mwembamba sana, mwepesi, chombo kikawa kinaelea kama ganda la nazi, na matengo (yale ya pembeni yanayozuia chombo kisipinduke) akafanya ya mti mwepesi. Alishinda vizuri sana siku ile, hata sisi tulimshangilia. Lakini chombo kile hakikufaa tena kwa uvuvi. Msimu wa kusi uliofuata kikapasuka ubavu akiwa nje na mwanawe, mashua ya jirani ikawaokoa, alhamdulillah. Hapo ndo wazee wakaona kwamba walipima kila kitu isipokuwa kile ambacho kingeua mtu. Hakuna aliyesema ubavu uwe na unene gani.

Kwa hiyo kijana wa Kilifi nakuuliza, mmeweka uzito ambao chombo kisipungue? Huyu mwenzetu wa Uholanzi kasema kilo 75, huyu mama kasema 180. Nyie ngapi?

tezi_na_omo

Mzee shikamoo, na asante sana. Hatukuweka kabisa. Tulikuwa na urefu, upana na tanga, uzito wa chini hata haukututokea, kila mtu alikuwa anawaza asizidishe, na mimi ndo nilikuwa wa kwanza kutaka kupunguza matabaka ya faibaglasi kwenye mwili. Kisa cha yule bwana na mwanawe kimenikaa.

Nimekaa na daftari jioni hii nimeandika hivi, nione mnasemaje. Urefu mita 5 upana 2.40. Tanga moja kubwa na jibu (tanga dogo la mbele) moja, jumla mita za mraba 17. Mlingoti alumini, kaboni hapana popote. Miili plaiwudi na faibaglasi, umbo kila mtu lake. Uzito bila watu usipungue kilo 140, ikiwa nyepesi unafunga risasi kwenye boriti ya katikati mpaka ifike. Kilichobaki ni bodi, hapo sijui. Wawili kati yetu wanataka kujaribu foili na nikiwaangalia macho yao siwezi kuwakatalia, ila wanne hawana hela ya kufuata.

msukani75

Daftari lako limekaa vizuri kaka, hasa hiyo ya risasi, maana mtu akijua uzito aliookoa ataulipa kwa risasi hatapunguza matabaka, ataweka faibaglasi pale panapohitaji nguvu. Chombo kitadumu.

Kwenye bodi usifanye kosa la klasi yangu. Sisi tulijaribu kuzuia kitu fulani kwa kuandika kitu kingine, hatukusema boti isipae, tulisema sentimita 75, na mchoraji haheshimu nia yako anaheshimu sentimita zako. Kama hamtaki kupaa andikeni bodi iwe ya moja kwa moja, isiyo na mpindo wala kibawa, na usukani hivohivo. Sentensi moja, mtoto anaielewa, na mpimaji anaishika kwa rula ufukweni. Halafu andikeni kwamba haitaguswa misimu mitatu, ili mtu akijenga ajue boti yake haitakufa kesho kutwa. Hicho ndo kilichoniumiza mimi kuliko kupitwa.

bawa_gumu

Mi napinga kidogo tu. Msiwafungie wale wawili nje kabisa. Wapeni ruhusa waje na foili zao wakimbie siku ileile, saa ileile, ila wahesabiwe peke yao, na foili ziwe za mbao au alumini tu. Wakifeli hela ni yao. Wakifaulu wengine mtakuwa mmeona kwa macho inagharimu nini kabla hamjapiga kura baada ya hiyo misimu mitatu. A-Class walifika kwenye makundi mawili baada ya kugombana, nyie mnaweza kuanza nayo mkiwa bado marafiki.

mama_nanga

Kwa hilo nakuunga mkono mwanangu. Ila wavae helmeti, wote sita, na wale wa foili wawe na boti ya kuwafuata. Hilo nalo liandikwe kwenye kanuni, lisiachwe kwenye mazungumzo. Mwaka 2013 huko huko kwenye AC72 Andrew Simpson alifariki mazoezini, bingwa wa Olimpiki kabisa.

tezi_na_omo

Nimeandika yote, helmeti na boti ya kufuata nimeviweka mwanzo kabisa juu ya urefu. Jumamosi tunakutana karakana kwetu wote sita, nitawasomea. Yule anayetaka tufanye kama Hobie nitamwonyesha aliyosema mama_nanga kuhusu mkoba, naona atalegea, na wale wa foili nitawapa pendekezo la bawa_gumu. Mzee wa matengo, ile kilo 140 nimeipandisha 150 baada ya kupiga hesabu ya plaiwudi ya milimita 6, nadhani inatosha kuvumilia kusi, ila kama unaona bado ni ndogo niambie kabla ya Jumamosi.

mzee_wa_matengo

Marahaba. Acha 150. Mkimaliza ya kwanza ipakieni watu wazito wawili mkae nayo nje kusi siku nzima, mkirudi mgonge ubavu kwa ngumi msikilize.